Kilomita 240 kwa kayaki kwenye pwani ya magenge: hesabu inaanzia wapi?

Swali: "Mimi na mwenzangu tuna kayaki mbili za mita 5.2. Tunataka kufuata pwani ya mawe yenye urefu wa kilomita 240. Sehemu kubwa ni magenge, yaani kuta ndefu za mwamba zinazotumbukia baharini; fukwe ni chache na nyingi zinatazama bahari kuu. Ndani ya ghuba tunapiga kilomita 30 kwa siku bila shida, kwa hiyo tumepanga siku 8. Je, hesabu hiyo iko sawa? Tubebe maji kiasi gani? Na tukifika mahali pa kulala tukakuta mawimbi makubwa, tufanyeje?"

Jibu

Siku 8 hazitoshi, na tatizo haliko kwenye mikono yenu. Mtu anayepiga kilomita 30 ndani ya ghuba na kesho yake akarudia, ana nguvu za kutosha kwa safari hii. Tatizo ni kugawa 240 kwa 30. Pwani ya magenge haigawanywi kwa kilomita, inagawanywa kwa madiko, yaani mahali ambapo kayaki yenye mzigo inaweza kupandishwa nchi kavu bila kuvunjika na bila kumvunja mtu. Kuna siku mtakwenda kilomita 12 na kusimama saa tatu asubuhi, kwa sababu diko linalofuata liko mbali mno kwa upepo wa siku hiyo. Kuna siku mtalazimika kwenda 32 kwa kuwa katikati hakuna kitu. Tafuteni madiko kwanza, ndipo mhesabu siku.

Ramani kabla ya kafi

Wekeni mezani vitu viwili kwa pamoja: ramani ya bahari na picha za satelaiti. Ramani ya bahari inaonyesha kina, miamba inayofunikwa maji yakijaa, na mara nyingi mwelekeo wa mikondo. Picha inaonyesha mchanga, mawe, na mistari ya povu pale mawimbi yanapovunjikia. Msitegemee kimoja peke yake. Ufuo mweupe unaovutia kwenye picha huenda ulipigwa picha maji yamekupwa, na maji yakijaa unamezwa wote mpaka kwenye shina la genge.

Pitieni pwani yote polepole na kulipaka kila diko rangi. Kijani ni diko linaloingilika karibu katika hali yoyote ya bahari: ndani ya hori, nyuma ya kisiwa, au nyuma ya rasi iliyoupa mgongo upande yanakotoka mawimbi. Njano ni diko zuri wakati bahari imetulia tu, tuseme mawimbi yasiyozidi mita 1, au ambalo linafaa kwa saa fulani za kujaa na kupwa. Nyekundu ni mahali ambapo mtu ataokoa maisha yake kwa kuogelea hadi kwenye mwamba, lakini kayaki huenda akaiacha hapo. Kando ya kila diko andikeni mdomo wake unatazama wapi, kama ni mchanga au mawe, kama kuna mahali pakavu pa kulala maji yakijaa, kama kuna maji baridi ya kunywa, na kama mtu anaweza kupanda kwa miguu hadi barabarani. Hilo la mwisho watu hulisahau. Diko lisilo na njia ya kutokea juu ni zuri kwa usiku mmoja, lakini likifungwa na bahari mbaya kwa siku nne linageuka kuwa gereza lenye akiba ndogo ya maji.

Kisha pimeni umbali kati ya kijani na kijani. Njano zisiwemo kwenye hesabu. Hizo ni bahati ya siku.

Tuseme mmepata kilomita 18 za magenge matupu kati ya madiko mawili ya kijani. Kayaki yenye mzigo, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuushika siku nzima, hukata kilomita 5 hivi kwa saa. Hapo ni saa 3 na dakika 36. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiwakabili usoni, mwendo unaweza kushuka hadi kilomita 3.5, na kipande hichohicho kinakuwa saa 5 na dakika 9, hakuna pa kunyoosha mgongo wala pa kujisaidia. Hesabu ya kutumia ni hiyo ya pili. Msiingie kwenye kipande cha namna hii kama kwa mwendo huo wa polepole hamtafika angalau saa 2 kabla ya giza, na kabla ya saa ambayo utabiri unasema upepo utabadilika.

Jambo jingine la kuhesabu mapema ni mahali ambapo kurudi hakuna faida tena. Watu wengi hudhani ni katikati ya njia. Ni katikati kama hakuna upepo wala mkondo. Upepo ukiwa nyuma yenu mnakwenda 6.5 kwa saa, na mkigeuka mtarudi kwa 3.5. Kwenye kile kipande cha kilomita 18, mahali pa usawa pako kilomita 6.3 tu kutoka mlikoanza, yaani theluthi ya njia. Mmepiga kafi kwa saa moja hivi, bado wabichi, bahari inawasukuma vizuri, na tayari mlango umefungwa nyuma yenu. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kurudi hufanywa saa ya kwanza. Tieni alama hiyo kwenye ramani na mkifika hapo msimame, mtazame mawingu na rangi ya bahari mbele, kila mmoja aseme anavyojisikia.

Magharibi mwa Australia kuna magenge ya Zuytdorp, zaidi ya kilomita 150 zisizo na diko la maana. Paul Caffyn, aliyekamilisha mzunguko wa Australia kwa kayaki mwaka 1982, na Freya Hoffmeister, aliyeuzunguka mwaka 2009, walilazimika kuyapita usiku na mchana. Nguvu peke yake haitoshi kwa kipande kama hicho. Kinasubiriwa siku zake. Chenu cha kilomita 18 kinastahili heshima hiyohiyo kwa kiwango chake.

Basi kwa pwani mnayoieleza, wastani wa kilomita 20 kwa siku ya kupiga kafi ndio wa kutegemea. Hiyo ni siku 12. Ongezeni siku 1 ya akiba kwa kila siku 3 za safari, mnafika siku 16. Kama likizo yenu ni siku 12 tu, fupisheni njia iwe kilomita 180 na mtafute mwisho wenye barabara. Msifupishe akiba. Ajali nyingi za pwani za namna hii huanzia kwa mtu mwenye tarehe ya kurudi kazini anayeingia baharini asubuhi ambayo moyoni anajua si ya kuingia.

Bahari ubavuni mwa genge

Mnaposoma utabiri msiishie kwenye kimo cha mawimbi. Tafuteni sekunde, yaani muda kati ya wimbi moja na linalofuata. Mawimbi ya upepo wa hapohapo huja kila sekunde 4 hadi 7. Ni mafupi na yanarusha maji usoni. Mawimbi marefu yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali huja kila sekunde 12 hadi 16, na kwenye maji ya kina hata huyasikii: kayaki inapanda, inashuka, basi. Hayo ndiyo ya kuogopa ufukweni. Wimbi la sekunde 6 lina urefu wa mita 56 hivi kutoka kilele kimoja hadi kingine, nalo huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 28. La sekunde 14 lina urefu wa mita 300 na ushei, na linaihisi sakafu tangu mita 150. Kwa kimo kilekile cha mita 1.5, hilo la sekunde 14 limebeba nguvu zaidi ya mara mbili, na likifika kwenye maji haba linasimama na kimo chake kinazidi kilichotabiriwa. Ndiyo maana siku isiyo na upepo kabisa, bahari kama mafuta, inaweza kuwa siku ambayo hakuna diko la njano hata moja linaloingilika.

Kimo kinachotangazwa pia si kikomo. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Ndani ya saa kadhaa mtapitiwa na wimbi linalokaribia mara mbili ya hicho. Wimbi huvunjika likifika kwenye kina cha takriban mara 1.3 ya kimo chake. Fanyeni hesabu: utabiri mita 2, wimbi kubwa la siku karibu mita 4, litavunjika kwenye kina cha mita 5 hivi. Mwamba uliozama wenye maji ya mita 4 juu yake unaweza kukaa kimya dakika 10 nzima, hauna hata povu, kisha ukaumuka ghafla chini ya kayaki. Kwa siku ya namna hiyo, zungukeni nje kila mahali ramani inapoonyesha kina cha chini ya mita 6. Kina cha kwenye ramani hupimwa kutoka kwenye kupwa kwa chini sana, kwa hiyo maji yakijaa mna nafasi zaidi, ila hiyo iwe ziada na isiingizwe kwenye mpango.

Halafu kuna mawimbi yanayorudi. Genge linalotumbukia moja kwa moja kwenye maji ya kina halivunji wimbi, linalirudisha. Linalokuja na linalorudi yakikutana, maji huruka juu wima kama vilele, hayana mwelekeo, na kafi linakosa pa kushika. Hapo wanaoanza huvutwa na silika ya kusogea karibu na ukuta, kwa kuwa nchi kavu inaonekana kama usalama. Fanyeni kinyume chake. Sogeeni nje mita 500, hata kilomita 1 bahari ikiwa imechafuka, mpaka muone mawimbi yamerudi kuwa na mstari. Umbali huo pia ndio muda wenu wa kuokoana, kama nitakavyoeleza mbele.

Rasi zina tabia yake. Mawimbi hujipinda kuielekea na kulundika nguvu zake pale, na mkondo unaozunguka ncha yake huongeza kasi kwa sababu maji yaleyale yanapita mahali pembamba. Mkondo ukienda upande mmoja na upepo ukitoka upande mwingine, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Dawa ni saa. Pwani nyingi hupata kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, na maji hayasogei kwa kasi moja. Ukigawa maji yote ya kujaa kumoja au kupwa kumoja mara 12, saa ya kwanza husogea sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Saa ya tatu na ya nne ndizo mkondo unapokuwa mkali. Mahali pengi rasi hupitwa vizuri mkondo unapolala kati ya kujaa na kupwa, ingawa saa ya kulala kwenye ncha ya rasi mara nyingi haifanani na saa ya maji kusimama bandarini, hivyo someni maelezo ya mikondo ya mahali husika. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, mikondo yote hii huwa na nguvu zaidi. Maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, ndiyo wiki nzuri ya kupangia rasi mbaya.

Upepo unaotoka nchi kavu nao unadanganya. Chini ya genge maji yametulia, hata karatasi haipeperuki. Mita 300 nje, upepo uliopita juu ya genge unashuka na kupiga maji kwa vishindo, na unasukuma kuelekea bahari kuu. Tazameni rangi: mabaka meusi yanayokimbia juu ya maji ni vishindo hivyo. Kumbukeni pia kuwa upepo ukiongezeka maradufu, msukumo wake kwenye mwili na kafi unakuwa mara nne. Kwa kayaki zenye mzigo kwenye pwani hii, utabiri wa zaidi ya kilomita 28 kwa saa ni sababu ya kubaki hemani.

Ondokeni mapema. Mahali pengi upepo wa baharini hujengeka kuanzia adhuhuri, nchi kavu inapopata joto. Amkeni saa kumi, muwe majini saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mlenge kuwa mmefika kabla ya saa saba mchana.

Kutua mawimbi yakiwa makubwa

Jibu la kwanza ni kutotua, mwende kijani kinachofuata. Kwa hiyo kila diko la njano mnalopanga kulalia lazima liwe na kijani nyuma yake mnachoweza kukifikia kwa nguvu iliyobaki. Lakini ipo siku itawabidi.

Ukiwa baharini unayaona mawimbi kwa mgongo. Mgongo wa wimbi ni laini na unang'aa. Uso unaoporomoka uko upande wa pili na huuoni. Tena macho yako yako sentimita 80 tu juu ya maji. Dalili za ukubwa ni vumbi la maji linalorushwa juu ya mstari, ngurumo, na jinsi mtu aliyesimama ufukweni, au jiwe ulilolichagua, linavyopotea kila wimbi linapopita mbele yako. Jiwe la kimo cha mtu likipotea lote, usiingie hapo.

Tofautisheni fukwe. Ufuo wa mchanga wenye mteremko mdogo una mistari mingi ya povu na mawimbi yanajiviringisha polepole. Unakupa mita 100 za kurekebisha makosa. Ufuo wa kokoto wenye mwinuko mkali una mstari mmoja tu na kishindo kimoja, wimbi zima likianguka kwa mpigo ukingoni. Huo huvunja omo (ncha ya mbele) ya kayaki na shingo ya mtu. Mara nyingi pembe moja ya ufuo, ile iliyokaa nyuma ya mawe, ina mawimbi nusu ya yale ya katikati. Tafuteni pembe hiyo.

Simameni nyuma ya mstari wa nje wa mivunjiko, mita 50 hivi, mtazame kwa dakika 15. Mawimbi huja kwa makundi: matatu, matano, saba makubwa, kisha utulivu wa dakika moja au mbili. Mnatafuta utulivu huo. Wakati mnasubiri, ondoeni kila kitu kinachoning'inia juu ya kayaki, inueni pezi (kibao cha chini kinachoinyoosha kayaki) au usukani, vaeni kofia ngumu, na mhakikishe ushikio wa sketi ya maji, kile kitambaa kinachofunika tundu la kukalia, uko nje na mkono unaufikia.

Aende mmoja, aliye hodari zaidi. Mwingine abaki nje mpaka aitwe. Kubalianeni ishara kabla, kwa kuwa sauti haisikiki: kafi lililosimamishwa wima ni "njoo", kafi lililolazwa juu ya kichwa ni "simama hapo". Subiri wimbi la mwisho la kundi likupite, kisha fuata mgongo wake kwa nguvu zote, usilipande. Jingine likija nyuma yako na kuanza kuinua tezi (ncha ya nyuma), simama na upige kafi kinyumenyume mara tatu nne likupite. Ukilipanda ukiwa na mzigo, omo itazama, kayaki itageuka ubavu, na hapo ndipo mabega hutoka.

Kayaki ikishageuka ubavu usipigane nayo. Lalia upande wa wimbi, weka kafi juu ya povu, viwiko vibaki karibu na mbavu, na acha likuburute ubavu hadi ufukweni. Mkono ulioinuliwa juu na nyuma ya kichwa ndio unaotegua bega. Maji yakifika magotini vua sketi na shukia upande wa baharini. Kamwe usisimame kati ya kayaki na ufuo: chumba cha kukalia kikijaa maji kinaongeza zaidi ya kilo 100, na wimbi linalofuata litakuja na chombo chote hicho kwenye miguu yako.

Kutoka asubuhi kuna ugumu wake, kwani unaanza ukiwa umekaa chini mbele ya mawimbi. Elekeza omo wima kwa mawimbi, ngoja utulivu, piga kafi bila kukata. Ukikutana na ukuta wa povu, inama mbele, ingiza kafi majini upande mmoja na uendelee kuvuta; usiliinue kafi mbele ya uso, litakupiga. Kwenye kokoto, mara tu mkitoka nje ya mawimbi jaribuni kushusha pezi. Kijiwe kimoja kikinasa kwenye nafasi yake halitashuka, na ni rahisi mwenzako akikitoa hapo kuliko mkiligundua katikati ya magenge upepo umeanza. Fungeni kikamba kifupi kwenye tundu la pezi ili mwenzako alivute.

Maji na mzigo

Lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika; hali ya joto iwe 6. Hesabuni siku kati ya chanzo kimoja cha uhakika na kingine, kisha ongezeni siku 1. Umbali wa siku 3 ni lita 16 kwa kila mtu, yaani kilo 16. Tumieni mifuko ya lita 4, msiweke zote kwenye mmoja, kwa sababu mfuko mmoja ukipasuka umepoteza robo tu. Kila mnapokuta maji jazeni, hata kama mna nusu, na mchuje au mchemshe. Chakula kikavu gramu 700 hadi 900 kwa siku kinatosha mtu mzima anayepiga kafi. Chagueni kinachopikika kwa dakika 10 na baadhi kinacholika bila moto.

Upangaji ni muhimu kuliko orodha. Maji na vizito vikae chini, karibu na viambaza (kuta za ndani) vya mbele na nyuma ya kiti. Vyepesi kama nguo na mfuko wa kulalia viende kwenye ncha. Uzito ukikaa nchani, kayaki inachimba badala ya kupanda wimbi. Nyuma pawe pazito kidogo kuliko mbele. Kayaki nzito mbele hugeuza omo kuelekea upepo unakotoka kila dakika, na mtapoteza nguvu nyingi kuirudisha. Jazeni nafasi zote; kitu kinachotelezateleza ndani huleta kupinduka.

Kayaki ya nyuzi za kioo ya kilo 25 ikibeba kilo 55 haiburutwi. Toeni mifuko ya maji kwanza, pitisheni mikanda miwili chini, mnyanyue wawili. Ipandisheni juu ya mstari wa mwani uliokauka na mwifunge. Kama siku zinaelekea bamvua, kujaa kwa kesho kutapita mstari wa leo. Angalieni jedwali kabla ya kuchagua pa kulala.

Kinachoharibika

Mifuniko ya vyumba vya mizigo huvuja kwa sababu ya chembe ya mchanga kwenye ukingo wa mpira. Futeni kila asubuhi kwa kidole. Nyaya za usukani hukatika kwenye kiungo, hivyo bebeni waya mmoja wa akiba na mjizoeze kuubadilisha. Ufa kwenye ganda huzibwa kwa mkanda mzito wa lami wenye gundi, ila ganda lazima liwe kavu na halina chumvi: osheni kwa maji baridi, kausheni kwa moto wa jiko dogo kwa mbali, mbandike mkiwa bado mnasikia joto. Kila kayaki ibebe kafi la akiba juu, linalofikika bila kushuka.

Mwili nao ni kifaa. Maumivu ya kifundo cha mkono, yale yenye mlio kama wa ngozi mpya ukikunja kiganja, hutokana na kushika kafi kwa nguvu. Yakianza siku ya pili, legezeni vidole kila kafi linapotoka majini, na mpumzike siku hiyohiyo. Ukiyapuuza hayaishi safarini. Vidonda vya chumvi kiunoni na kwapani huzuiwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi kila jioni na nguo kavu ya kulalia.

Mkipinduka

Vaeni kwa joto la maji, si la hewa. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 hukata pumzi ghafla, na katika dakika ya kwanza mtu hawezi kudhibiti kupumua. Yakiwa baridi sana, vidole vinakosa nguvu ndani ya dakika 10 hivi, na hapo hata kufunga kifungo hakuwezekani. Jaketi la kuokoa maisha huvaliwa na kufungwa, halikai juu ya kayaki.

Fanyeni mazoezi mkiwa na mzigo kamili. Kuokoana kule mlikofundishwa, kwa kuinua kayaki tupu na kumwaga maji, hakufanyiki kwa chombo cha kilo 80. Mwenye kayaki iliyosimama aikamate ile nyingine ubavuni, aliye majini apande kwa tumbo kutokea nyuma, kisha pampu ya mkono ifanye kazi huku wawili wameshikana. Lengeni mtu awe nje ya maji ndani ya dakika 2.

Sasa rudini kwenye zile mita 500. Wakati mmoja anaokoa, kayaki zote mbili zinasukumwa. Zikielea kwa kilomita 2 kwa saa kuelekea genge, mna dakika 15 kabla ya mawe. Mkiwa mita 100 mna dakika 3, na hazitoshi. Kwa sababu hiyo ningependa sana muwe watatu: mmoja anaokoa, wa tatu anafunga kamba na kuwavuta wote kwenda nje. Mkibaki wawili, punguzeni kiwango cha upepo mnachokikubali kutoka kilomita 28 hadi 20 kwa saa.

Redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) ya mkononi, chaneli 16 ya dharura, hufanya kazi kwa kuonana. Genge likiwa katikati haisikiki, na kutoka kayaki hadi kayaki msitegemee zaidi ya kilomita chache. Kwa hiyo kila mmoja awe pia na kitoa-ishara cha dharura cha satelaiti cha 406 MHz, kilichosajiliwa kwa jina lake. Kikae kwenye jaketi. Kikiwa ndani ya chumba cha mizigo na kayaki imeondoka na upepo, hamna kitu.

Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu mmoja nchi kavu nakala ya ramani yenye zile rangi, rangi za kayaki na nguo zenu, na saa mbili zilizoandikwa: saa ambayo akikosa habari zenu aanze kuwatafuta kwa simu, na saa ambayo awapigie waokoaji wa baharini bila kusubiri zaidi. Kati ya saa hizo mbili wekeni siku moja na nusu, kwa kuwa diko lililofungwa na mawimbi halina mtandao. Mwambieni pia kwamba kama bado mko njiani baada ya siku ya 16, akiba imeisha, na kuchelewa kwenu kuanzia hapo si kwa kawaida.